Kungojea Saa ya Mungu

Mazungumzo ya katekista mbele ya Wakristu, katika matayarisho ya Yubile ya miaka 50 ya parokia yetu



Kamati ya Yubile ilituomba tuseme maneno machache juu ya kungojea: namna gani Mkristu anaweza kuendelea kumtumainia Mungu wakati anaposali na jibu halionekani. Tulisita kuitika. Katika parokia hii wako watu waliongojea kuliko sisi, nao wangefundisha vizuri zaidi. Lakini kamati ilisema kwamba katekista hawezi kukataa kufundisha, kama vile mpishi hawezi kukataa kupika siku ya arusi. Basi tumekubali, nanyi mtatuvumilia tukirefusha kidogo.

Tuanze na mvua, kwa sababu mambo ya mvua kila mtu wa Lubumbashi anayajua. Tangu mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa mbingu zimefungwa. Mwezi wa kumi joto linakuwa kali, vumbi linaingia hata ndani ya sahani ya bukari, na kila mwenye shamba anatazama juu. Halafu, jioni moja, mvua inanyesha nusu saa, na wenye haraka wanakimbilia shamba kupanda mahindi. Wengi wetu tulijifunza kulima katika miaka ya 1990, mishahara ilipokatika na kila jamaa ikatafuta kipande cha udongo nje ya mji. Hatukuwa wakulima, tulikuwa watoto wa kambi za wafanyakazi. Mwaka wetu wa kwanza tulipanda na mvua ile ya kwanza. Ikafuata wiki tatu ya jua tupu. Mbegu ziliota, zikanyauka.

Bibi mmoja, jirani yetu wa shamba, alikuwa akipita na jembe begani, akatutazama, hakusema neno. Yeye alikuwa hajapanda hata punje moja. Lakini angalieni vizuri, ndugu: hakuwa amekaa. Matuta yake yote yalikuwa tayari, magugu yameng'olewa, mbegu imechaguliwa na kufungwa juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiile. Mvua ya kweli ilipofika mwezi wa kumi na moja, alipanda shamba lake kwa siku mbili. Sisi wakati ule tulikuwa tukizunguka kwa majirani kukopa mbegu.

Bibi yule hakujua tarehe ya mvua. Alijua tu kwamba si yeye anayeileta, na kwamba matuta ni kazi yake. Tangu siku ile, kila mara tunaposikia neno hili "wakati wa Mungu", tunauliza kwanza: na matuta je?

Sasa twende mbali kidogo, lakini si nje ya Katanga ya zamani: kando ya ziwa Tanganyika, katika inchi ya Marungu. Huko alizaliwa, kabla ya mwaka 1890 au karibu nao, mtoto aliyeitwa Kaoze, ambaye ubatizo ulimpa jina la Stefano. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Mpala mwaka 1885. Mwaka 1899 walianzisha hapo masomo ya vijana waliotaka kuwa mapadri, na Kaoze akawa mmoja wao. Alijifunza Kilatini na Kifaransa, kisha filosofia na teolojia. Watoto wa katekisimu wakituuliza masomo hayo yalichukua muda gani, tunawaambia wahesabu wenyewe: aliwekwa padri tarehe 21 mwezi wa saba mwaka 1917, katika misioni ya Baudouinville, mahali tunapopaita leo Kirungu, Moba, kwa mikono ya Askofu Victor Roelens. Ni karibu miaka 18. Alikuwa padri Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi zetu.

Miaka 18! Wenzake wa umri wake walioa, wakazaa, wakajenga. Katika nyakati zile Wazungu wengi, na hata Waafrika wengi, hawakuamini kwamba mtu mweusi anaweza kusimama altareni na kukaa bila mke. Kila mwaka kijana huyu aliamka akiwa mwanafunzi, kila mwaka aliambiwa: bado. Sisi tuliokaa miaka minne tu katika seminari ndogo tunajua kidogo uzito wa neno hilo. Kengele ya alfajiri, ibada, maji ya baridi, masomo, kimya. Na juu ya yote kutojua. Mkubwa anaweza kukuita kesho na kukuambia urudi kwenu.

Lakini Kaoze alikuwa na matuta. Mwaka 1910, miaka saba kabla ya upadrisho, maandishi yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu yalianza kuchapwa katika gazeti la Ubelgiji kwa lugha ya Kifaransa. Wataalamu wanayahesabu kati ya maandishi ya kwanza ya Mkongomani yaliyochapwa kwa lugha hiyo. Hakungoja apewe daraja ndipo aanze kuwaza na kuwasemea watu wake. Siku ya upadrisho ilimkuta kazini.

Tunajiuliza mara nyingi: katika miaka ile 18, ipi ilikuwa ya Mungu na ipi ilikuwa ya watu? Masomo ya upadri yalikuwa marefu kwa kila mtu, hata kwa Mbelgiji. Hilo ni haki kulisema. Tena hapakuwa na aliyetangulia kuonyesha njia. Lakini mashaka ya watu juu ya rangi ya ngozi hayakutoka mbinguni. Mungu aliyapitia, hakuyatuma. Tunaomba mshike tofauti hii, kwa maana tutaihitaji mbele.

Padri Stefano Kaoze alitumika hadi kufa kwake mwaka 1951. Alikufa bila kumwona askofu Mkongomani hata mmoja. Wa kwanza, Pierre Kimbondo wa Kisantu, aliwekwa mwaka 1956. Hapa kwetu Lubumbashi, Askofu Mkuu Eugène Kabanga alichukua kiti mwaka 1967. Kati ya mwaka 1917 na 1967 ni miaka 50 kamili: Yubile moja nzima, ambayo hakuna aliyeitangaza. Na askofu huyo, alipofika, hakufikiri kwamba kungojea kumekwisha na kwamba sasa ni kukaa na kushukuru. Mwaka 1976, wakati kusema kulikuwa hatari, aliandika barua ya kichungaji iliyoitwa Je suis un homme, maana yake "Mimi ni mtu", juu ya rushwa na juu ya heshima ya mtu iliyokanyagwa. Wazee wetu wengine wanakumbuka namna barua hiyo ilivyopita kutoka mkono hadi mkono.

Kuna pia kungojea ambako anayengojea hauoni mwisho wake kwa macho ya mwili. Padri Albert Joubert, mtoto wa kando ya ziwa lile lile, aliuawa Fizi tarehe 28 mwezi wa kumi na moja mwaka 1964, siku moja na wamisionari watatu Wasaveriani waliouawa Baraka na Fizi. Kanisa liliwatangaza wenye heri Uvira tarehe 18 mwezi wa nane mwaka 2024. Karibu miaka 60. Wengi waliowalilia walikuwa wamekwisha kuwafuata kaburini.

Sasa tuache watu wakubwa, turudi nyumbani. Tutasema habari ya nyumba yetu wenyewe. Mama wa nyumba yetu ameturuhusu. Tulimsomea maneno haya kabla ya kuja hapa, akafuta mawili, akatuachia mengine.

Tulioana mwaka 2006. Tulisali tupate mtoto kama watu wote wanavyosali, bila wasiwasi, kama mtu anayeagiza kitu dukani na kujua kitafika. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwetu hapa ninyi mnajua ndoa isiyo na mtoto ni nini. Watu wanaacha kukusalimu kwa jina la baba fulani, kwa sababu hakuna fulani. Mwaka wa tano Jumapili moja baba mdogo alikuja na shangazi, wamevaa vizuri. Tulijua si matembezi.

"Mwana wetu," akasema baba mdogo, "tumengojea ya kutosha. Wewe si mtoto wa kufundishwa. Ukoo hauwezi kukatika juu ya jambo hili. Tumekwisha kuongea na watu, msichana yuko."

"Baba mdogo, tunakuheshimu. Lakini tuliahidi mbele ya altare, na ahadi ile haikusema: kama watoto wakipatikana."

"Altare itakuzika siku ya kufa kwako?"

Hatukuwa na jibu zuri. Shangazi alilia. Mama wa nyumba yetu alikuwa nyuma ya mlango na sinia ya maji ya kunywa mkononi, akasikia yote. Maji yale hakuna aliyeyanywa. Baba mdogo hakukanyaga tena nyumbani kwetu kwa miaka miwili.

Baada ya hapo jirani mmoja, kwa moyo mwema, alimpeleka mama katika nyumba ya sala ambapo mtu alitabiri. Alimwambia: miezi tisa, mtoto mwanaume, na sadaka ni kiasi hiki. Sisi tulikasirika, kisha, tukubali ukweli, tukanyamaza, kwa sababu moyoni na sisi tulitaka iwe kweli. Mama alinunua nguo ndogo sokoni, nyeupe na njano. Miezi tisa ikapita. Ikapita kumi na miwili. Nguo zile ziko ndani ya sanduku hata leo. Anayempa Mungu tarehe, tena kwa malipo, hajui uzito wa sanduku kama lile.

Lakini msifikiri kwamba maumivu makubwa yalitoka nje. Katika jumuiya yetu wenyewe mtu alimwambia mama kwamba labda imani yake ni ndogo. Mwingine alisema, "Mama, wakati wa Mungu ni mzuri kuliko yote," kisha akaangalia saa yake ya mkono, kwa maana alikuwa na safari. Neno lake lilikuwa la kweli. Tunalifundisha katika katekisimu. Ila kuna namna ya kulisema neno la kweli ili uondoke haraka. Siku ile ile bibi mmoja mzee wa Legio ya Maria alikuja, akaketi juu ya mkeka, akasaidia kumenya karanga hadi jua likashuka. Sala yake yote ilikuwa ile. Alipoondoka alisema tu, "Nitarudi siku ya tano, mama." Akarudi.

Mnakumbuka habari ya Lazaro katika Enjili ya Yoane. Dada zake walimtumia Bwana habari kwamba mgonjwa yu mahututi, naye akakaa siku mbili zaidi mahali alipokuwa. Alipofika, kaburi lilikuwa na siku nne. Marta alimwambia uso kwa uso kwamba angekuwa hapo, ndugu yake hangekufa. Bwana hakumkaripia kwamba imani yake ni ndogo. Hakumwambia pia kwamba kuchelewa si kitu. Alilia pamoja nao. Tulisoma Enjili hii mara nyingi mbele ya watu kwenye matanga, na tulikuwa tukikimbilia mwisho wake, kaburi linapofunguka. Sasa tunasimama zaidi kwenye machozi yale.

Mwaka 2014 mdogo wetu wa kike alifariki akiacha watoto wawili, nasi tukawachukua. Watu walikuja kutupongeza: "Ona, Mungu amewajibu!" Tuliwaomba wasiseme hivyo, hasa mbele ya watoto. Mungu hakumtwaa mama wa watoto hawa ili sisi tuitwe wazazi. Tunawapenda, wanatuita Baba na Mama, mmoja mwaka huu anamaliza masomo, na ombi letu la kwanza bado liko pale lilipokuwa. Mama wa nyumba yetu amepita miaka arobaini. Bado tunasali. Tunasali kwa ufupi kuliko zamani, bila kelele, tukimwambia Mungu kwamba anajua. Kuna siku amani inakuja, na kuna siku haiji. Mkitaka tuwaambie kwamba inakuja kila siku, mtafute katekista mwingine.

Tunarudi sasa kwa tofauti ile tuliyowaomba mshike. Kuna jibu lililo mikononi mwa Mungu peke yake: uzima, mtoto, wito, mvua. Hapo mtu anapiga matuta na kungojea. Lakini kuna mambo ambayo Mungu amekwisha kuyajibu zamani, nayo yamezuiliwa mikononi mwa watu. Baba yetu mzazi alifariki akidai mshahara wa miezi zaidi ya ishirini. Ndiyo sababu sisi tulitoka seminari mwaka 1997: hapakuwa na makuta ya kulipa masomo. Kwenye matanga yake mtu mwenye heshima alisimama akasema kwamba mzee alikuwa mvumilivu, na kwamba Mungu ana wakati wake. Tulikuwa vijana, tuliinama. Leo tungejibu kwa adabu kwamba deni lile halikuwa la Mungu. Mtume Yakobo anafundisha kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo imekwisha kufika katika masikio ya Bwana. Basi tusimtwike Mungu ucheleweshaji wetu.

Na hii ndiyo maana ya Yubile yenyewe, ndugu wapendwa. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu mwenyewe aliweka saa: mwaka wa hamsini. Mtumwa aliyeuzwa juu ya deni, jamaa iliyopoteza shamba la babu zake, walijua kwamba mwaka ule utafika. Walihesabu. Hapo, kwa mara moja, wakati wa Mungu ulikuwa na tarehe inayojulikana na wote. Lakini baragumu haikujipiga yenyewe. Mtu alipashwa kuipiga, na tajiri alipashwa kufungua mkono. Tajiri aliyesema "tungojee kidogo" siku ile hakuwa akimngojea Mungu. Alikuwa akimngojesha.

Parokia yetu nayo ilizaliwa katika kungojea. Wazee walianza kusali chini ya mti katika miaka ile ambapo majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa tangu 1972, Noeli imeondolewa kati ya siku za mapumziko, na shule za Kanisa zimetwaliwa na serikali. Baadaye wakapata hangari ya mabati, ambayo wakati wa mvua padri alipashwa kunyamaza katikati ya mahubiri kwa sababu ya kelele. Matofali ya kanisa hili yalichomwa na wababa waliotoka kazini usiku. Wengine wao hawakuliingia likiwa na paa. Majina yao yatasomwa siku ya sikukuu. Tunawaomba vijana wasitoke nje wakati yanaposomwa.

Tunamaliza kwa jambo moja, na Baba Padri amekubali tuliseme hapa.

Mlinzi wa kanisa letu, yule sentineli mnayempita kila Jumapili langoni, hajalipwa miezi mitatu. Makuta ya mfuko wa parokia yalikwenda kwenye vitambaa vya Yubile, rangi ya kuta na maturubai ya wageni. Mwezi uliopita alikuja mbele ya baraza, kofia mkononi, kuuliza. Mmoja wa wajumbe alimjibu, "Papa, uwe na imani, wakati wa Mungu utafika." Akashukuru, akarudi langoni. Mjumbe aliyejibu hivyo ni sisi tunaosimama mbele yenu. Usiku ule tulimkumbuka baba yetu, usingizi ukakataa.

Kesho yake tulikwenda langoni kumwomba msamaha. Alicheka kidogo, akatuuliza kama tumeleta makuta. Hatukuwa nayo. Tulileta sehemu wiki iliyofuata. Zinabaki miezi miwili na nusu. Wamama wa jumuiya wameweka kikapu karibu na mlango mkubwa, upande wa kisima cha ubatizo. Kitakaa pale leo na Jumapili ijayo, na mhasibu wa parokia atahesabu mbele ya watu wote baada ya Misa ya pili. Yeye mwenyewe yuko langoni sasa hivi. Ni zamu yake.